Baiskeli ya Ndani

Jumatatu, 17 Februari. Kakuma.

Tumerudi jana kutoka hospitali ya Lodwar. Mume wangu Manyang amelala ubavu wa kulia, ule mzima, nami nimekaa mlangoni naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuandikia tangu nilipofika kambini hapa nikiwa msichana. Kidinka changu ni cha mdomo.

Kiharusi chenyewe daktari amekiita kidogo. Mdomo umerudi mahali pake. Mkono wa kushoto unashika kikombe. Mguu wa kushoto ndio unaoburutwa, kama mtoto aliyelazimishwa kwenda shule. Kabla ya kuondoka tulipelekwa kwa yule dada wa mazoezi, Akiru, Mturkana mrefu asiyependa maneno mengi.

"Mama, mzee akikaa, damu nayo inakaa," aliniambia. "Atembee, apige baiskeli, hata acheze, bora atoke jasho kila siku. Moyo wake unataka kazi."

Manyang akamwuliza kama kupiga ngoma ya kanisa ni kazi.

"Ukipiga umesimama, ndiyo."

Alicheka. Ni mara ya kwanza kucheka tangu aanguke pale dukani kwangu, katikati ya vitenge.

Jumatano, 19 Februari

Hajatembea. Vumbi limekuja tangu asubuhi, duka lote jekundu.

Ijumaa, 21 Februari

Hajatembea. Anasema jua.

Jumapili, 23 Februari

Leo tumetoka. Jua lilipolegea nilimwambia twende mpaka kwenye bomba la maji na kurudi, si mbali. Alivaa shati lake jeupe na viatu vya ngozi, ingawa mchanga wa huku hauna adabu na viatu vya ngozi.

Tukapita njia ya maduka. Kila mtu anamjua Manyang. Yeye ndiye mwamuzi wa mieleka ya vijana wetu, na mtu akigombana na shemeji yake huitwa yeye. Alikuwa akivuka kambi nzima kwa miguu, akifika jioni bado anataka kupiga hadithi. Leo watu walisimama, wakamsalimu usoni, halafu macho yakashuka mguuni. Vijana waliokaa penye mashine ya kusaga walinyamaza alipokaribia. Wakaongea tena alipopita.

Tulipofika bombani niligeuka kumwambia neno, hayupo ubavuni. Alikuwa nyuma, fimbo mkononi, anakuja. Nilikuwa nimemwacha. Sikumbuki kuamua kumwacha. Miguu yangu ndiyo iliyoamua.

Nikamngoja. Alipofika alisema, "Unatembea upesi, Mama Adhieu."

Nikasema nilikuwa nawahi kivuli. Hapakuwa na kivuli pale.

Jumanne, 25 Februari

Amekataa kutoka. Sikumsihi sana.

Alhamisi, 27 Februari

Timiro, Msomali anayeuza magauni ya madira duka la pili kutoka kwangu, ameleta simu yake nione video. Ni mtu yuko chumbani, anakimbia juu ya mkanda unaozunguka, televisheni mbele yake, taulo shingoni. Tredimili.

"Shangazi yangu wa Eastleigh anayo," alisema. "Mwezi wa kwanza alikimbia kweli. Sasa anaanikia nguo. Lakini, abaayo, nguo zinakauka vizuri sana."

Ananiita abaayo, dada, tangu tulipoanza kuuza pamoja. Nilicheka naye. Lakini aliporudi dukani kwake nilibaki na ile picha. Kitu cha ndani. Mlango umefungwa, pazia limeshushwa, mtu anatoka jasho lake na hakuna wa kumtazama mguu.

Wala wa kumtazama anayetembea naye. Hilo pia nililiwaza, na bora niliandike hapa, maana sitalisema popote.

Jumamosi, 1 Machi

Nimempigia Akiru simu kumwuliza habari za tredimili. Akakataa hata kabla sijamaliza.

"Ule mkanda hausubiri mguu, mama. Mguu wake ukichelewa kidogo, unamtupa. Na hiyo stima yenu ya jenereta ikikatika yuko juu? Kama ni lazima mashine, tafuta baiskeli ya mazoezi, ile ya kukaa. Mguu unafungwa kwenye pedali, mguu mzima unauvuta ule mgonjwa, na haitaki stima."

Nikamshukuru. Nilitaka kukata, akaniwahi.

"Lakini kutembea nje ni bora kuliko hiyo yote, kama ana mtu wa kutembea naye ubavuni. Anaye?"

Nikasema anaye.

Jumapili, 2 Machi

Nimemwambia Manyang. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Huyu mtu alikataa hata kununua kiti cha plastiki chenye mikono, akisema kinafundisha uvivu. Nikaanza mbali, nikaeleza juu ya moyo, juu ya jua, juu ya vumbi. Hakuningoja nifike.

"Ndiyo," alisema. "Tununue."

"Hutaki kwanza kujua ikoje?"

"Iko ndani, si ndivyo? Hakuna atakayeniona." Akanyoosha mguu wake kwa mikono miwili, akauweka juu ya ndoo. "Na wewe utapumzika."

Sikumwuliza nitapumzika na nini. Nilikwenda kuchota unga, nikasahau nilichoendea.

Jumatano, 5 Machi

Leo tumepakwa majivu. Manyang alibaki kwenye benchi, mchungaji akamfuata pale pale. Mawingu upande wa magharibi, lakini hayakuja.

Jumatatu, 10 Machi

Mgao wa chakula umepunguzwa tena, na safari hii nyumba nyingine zimetolewa kabisa kwenye orodha. Jirani yangu Nyaduoth ni mmoja wao. Mume wake alivuka mpaka kwenda kutafuta kazi, hajarudi, na watoto wake ni wadogo wadogo wanaofuatana kama vidole. Nilimpelekea mtama kwenye beseni, nikalifunika kwa kitenge ili asione haya njiani. Alipolifunua alitazama kitenge zaidi ya mtama.

"Hiki ni cha kurudisha?" aliuliza.

Nikasema hapana, ni chako.

Sisi hatuishi kwa mgao, tuna duka. Lakini nimetoka kwa Nyaduoth nikiwaza: hapa mtu amekatwa chakula, pale mtu anatafuta mashine ya kuyeyusha mafuta ya moyo wa mume wake. Na yote mawili ni kweli. Mafuta yapo, daktari ameyaona. Njaa ipo, nimeiona. Mimi ndiye ninayepita katikati yake na beseni, nikijiona mwema.

Ijumaa, 14 Machi

Timiro amenipatia habari. Shirika moja linafunga ofisi yake hapa, na wafanyakazi wanauza vitu vyao kabla ya kuondoka. Mmoja wao ni Nestor, Mkongomani aliyekuwa mkalimani, ana baiskeli ya mazoezi. Nilikwenda jioni. Chumba chake kilikuwa kimekwisha kuwa kitupu: godoro, sufuria, na ile baiskeli imesimama katikati kama mnyama aliyesahauliwa na wenyewe. Gurudumu moja zito mbele, kiti kipana, pedali zenye mikanda, na skrubu ya kukaza inayoifanya iwe kama kupanda mlima.

"Hii kinga haiende fasi yoyote, maman," alisema, na kinga kwao ni baiskeli. "Lakini inatoa mutu jasho muzuri. Mimi njo nilikuwa napanda kila asubui. Sasa kazi imeisha. Nitaibeba niende nayo wapi?"

Akanipandisha. Nilikanyaga kidogo, gauni limekusanywa mkononi. Gurudumu linalia kama mbuzi anayeitwa kwa mbali. Nilisikia mapaja yanaamka. Niliona vile ingeingia pembe ya chumba chetu, kati ya kitanda na ukuta, pazia mbele yake.

"Inaweza kubeba mwanamume mkubwa?"

"Inabeba. Mimi si mudogo."

Ni kweli, si mdogo. Nikamwomba aniwekee. Akasema ataniwekea mpaka gari lake lije, siku hajui.

Jumatano, 19 Machi

Sijanunua. Manyang ananiuliza kwa macho. Mchana wote yuko nyuma ya duka chini ya mabati, anapokea wageni wachache na kulala ameketi. Watoto wetu wanapiga simu, mmoja yuko Juba na mwingine Eldoret, wanauliza baba anafanya mazoezi? Ananitazama, kisha anajibu, "Tunafanya."

Nimejiambia sinunui kwa sababu ya Nyaduoth. Ile baiskeli haiwezi kupita mlangoni kwake bila yeye kuiona. Lakini hiyo ndiyo sababu nzuri, ya kumwambia mchungaji. Iko nyingine. Naogopa kwamba nikiinunua nitakuwa nimejua kwa nini nimeinunua.

Jumamosi, 22 Machi

Joto.

Alhamisi, 27 Machi

Joto. Mbuzi wa Waturkana wanalala kivulini mwa maduka, hawafukuziki.

Jumanne, 1 Aprili

Nimejaribu tena kutoka naye, alfajiri, watu wakiwa bado ndani. Alikubali. Tulifika nusu ya njia. Akatokea mzee Mabior, rafiki yake tangu safari ya kukimbilia huku, akiwa na birika la kunawia. Alimshika Manyang mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yakamlenga. Manyang alimtania, akamwambia mguu huu umechoka kumfuata, umeamua kumwongoza. Tulipoachana naye alisema turudi.

Nilifurahi kurudi. Ndiyo, nilifurahi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilitaka kuandika jana lakini mkono haukukubali. Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Jumatatu tulikwenda Lodwar kwa ajili ya kipimo. Presha bado iko juu. Akiru alimwinua mguu, akauachia, ukaanguka kama gogo. Hakumgombeza yeye. Alinigeukia mimi.

"Miezi hii mmekaa tu?"

"Jua ni kali," nilisema.

"Jua la Turkana nalijua," alisema Akiru, akaandika kitu chake.

Tukalala kwa jamaa zetu, na Jumatano tukapata landkruza ya kurudi Kakuma. Mvua haikutugusa. Ilikuwa imenyesha usiku mbali, juu milimani upande wa Lokiriama, lakini laga, yaani mto mkavu wa mchanga, huwa halingoji uone wingu. Tulipofika kwenye laga kubwa kabla ya nusu ya safari, maji yalikuwa yamejaa ukingo mpaka ukingo, ya kahawia, yamebeba matawi. Magari yamesimama pande zote mbili. Dereva akazima injini.

"Maji imejaa. Tungoje."

Tukangoja mpaka jua likawa kichwani. Maji yalipungua, lakini si kwa gari. Upande wa pili kulikuwa na magari yaliyotoka Kakuma, na madereva wakapatana kwa kupigiana kelele: abiria wavuke kwa miguu, wabadilishane. Vijana wa Kiturkana wa pale walikuwa wamekwisha kuingia majini wakionyesha njia, yanawafika juu ya magoti.

Nilimwambia Manyang, "Kaa hapa kwenye jiwe. Nivushe mzigo kwanza, halafu nikurudie." Ulikuwa mpango mzuri. Nilibeba begi la dawa na robota la vitenge nililonunua Lodwar, nikavuka. Maji yalikuwa na nguvu lakini chini ni changarawe. Nikatua mzigo upande wa pili.

Pale kivulini mwa gari walikuwa wamesimama akina mama wawili wa ofisini, wenye vitambulisho shingoni. Mmoja namjua kwa sura, aliwahi kunitengenezesha magauni ya harusi ya dada yake. Nilikuwa na matope mpaka kiunoni na bado walinisalimu vizuri, wakauliza kama nimeleta vitenge vipya. Nikaanza kuwaeleza. Nikafungua hata pembe ya robota, waone rangi.

Ndipo yule mwingine akanyoosha kidole kule tulikotoka.

"Jamani, tazama yule mzee anavyohangaika na mguu. Ameachwa na nani? Watu wengine hawana huruma." Akanigeukia. "Mama, mlikuwa gari moja. Ni wa kwenu?"

Nikatazama. Manyang alikuwa ameondoka kwenye jiwe. Alikuwa amesimama penye ukingo wa maji, shati jeupe, suruali imekunjwa, mguu mmoja mwembamba kuliko mwingine. Alikuwa ananitafuta. Alikuwa ananitafuta kwa namna ya mtoto, kichwa kinageuka huku na huku, kwa sababu jua lilikuwa machoni mwake.

Nikasema, "Simjui. Nimemkuta tu garini."

Nilisema hivyo. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ya kutajia mteja bei.

Sijui aliona nini. Labda aliona nimechelewa. Aliingia majini peke yake na fimbo. Kijana mmoja akamkimbilia, akamshika kwapa, wakaja mpaka katikati. Pale mguu wa kushoto ukanasa, naye akaanguka magoti. Maji yakamfika kifuani. Fimbo ikachukuliwa, niliiona inakwenda ikizunguka polepole. Akanyoosha mkono mbele, si kwa yule kijana. Mbele, upande niliokuwa.

Hapo tu ndipo nilipokimbia. Nilivuruga maji, nikamfikia, nikaingiza bega langu chini ya mkono wake. Alikuwa anahema, na alikuwa anatabasamu.

"Asante," alisema. "Umerudi, Mama Adhieu."

Tulipotoka, wale akina mama walikuwa wanatazama. Walikuwa wamesikia akiniita Mama Adhieu mbele ya vijana wote. Yule niliyemjua alitoa kanga kwenye mkoba wake, akampa Manyang ajifute, akampa yeye mkononi, akanipita mimi.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimenunua baiskeli. Nililipa kama mtu anayelipa faini, bila kuomba apunguze. Nestor mwenyewe alishangaa, akaongeza sufuria juu yake.

Ililetwa kwa mkokoteni, ikipita katikati ya watu wote, hakuna namna ya kuificha. Watoto walifuata. Nyaduoth alikuwa anafua mbele ya nyumba yake. Alisimama, povu mikononi.

"Inaenda wapi hiyo?"

"Haiendi. Ni ya mazoezi. Ya kumtoa Manyang jasho."

Akaitazama kwa muda. Hakuwa na chuki. Alikuwa anafikiri kwa sauti tu. "Sisi tunatafuta kitu cha kuweka mwilini, ninyi mnatafuta cha kukitoa. Mungu ana nyumba nyingi." Akarudi kufua.

Tukaiweka pembeni, kati ya kitanda na ukuta. Nikashusha pazia.

Jumatatu, 14 Aprili

Amekanyaga asubuhi na jioni. Nikamfunga mguu kwenye pedali kwa mkanda, kisha kwa kipande cha kitenge, maana mkanda unamkata. Mwanzo mguu mzima ulifanya kazi yote na mgonjwa ulichukuliwa kama abiria. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kiti. Alikuwa na furaha.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Lilisomwa lile somo la Petro penye moto, na mjakazi anayemwuliza. Nilitoka nje kabla halijaisha. Nilimwambia aliyekaa kando yangu ni joto.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua kubwa, ya kwetu sasa. Lagani pale nyuma ya soko maji yamefika mpaka vibandani. Ndani ya nyumba mabati yanapiga kelele na gurudumu linalia, na Manyang anakanyaga. Leo nimeuona mguu wa kushoto ukisukuma wenyewe. Nimeuona kwa macho yangu. Aliniita nishike paja lake nisikie msuli, nikashika, na ulikuwa pale, mdogo, unafanya kazi.

Timiro anasema soko zima wananisifu. "Wanasema Ajok amemnunulia mume wake uhai."

Nikamwambia waache.

"Kwa nini waache? Wengine mume akiugua wanamrudisha kwa mama yake."

Jumapili, 27 Aprili

Leo ilikuwa siku ya shuhuda. Sikujua kama Manyang atasimama. Alisimama, akaenda mbele mwenyewe, bila fimbo, akishika migongo ya mabenchi. Kanisa lote likamgeukia.

Alisema ameanguka mara mbili mwaka huu. Mara ya kwanza dukani, na mara ya pili majini, kwenye laga. Alisema mara ya pili alidhani ni mwisho, kwa sababu mguu ulikuwa umekwama na watu walikuwa wageni. "Nikanyoosha mkono," alisema, "na mke wangu alikuwa amekwisha kuvuka. Alikuwa mahali pakavu. Akarudi majini kunichukua. Ninyi mnaooa, ombeni mpate mtu wa kurudi majini."

Watu wakapiga vigelegele. Wanawake wa kwaya wakanigeukia, mmoja akanisukuma nisimame. Nikasimama. Nikatazama chini, wakadhani ni unyenyekevu.

Tulipofika nyumbani nilipika, tukala, nikaosha vyombo, nikakaa mbele yake kwenye ndoo. Nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia kuhusu akina mama wa ofisini, swali lao, na jibu langu, maneno yale yale. Nilimwambia pia ya bombani, kwamba hapakuwa na kivuli. Nilimwambia kwamba mashine ya ndani nilianza kuitamani kabla ya Akiru kusema neno lolote juu yake, na kwamba sikuitamani kwa ajili ya moyo wake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

"Uliwaambia hivyo kabla sijaanguka, au baada?"

"Kabla."

Akatikisa kichwa kama anavyofanya akimaliza kusikiliza pande mbili za ugomvi. Halafu akaenda nyuma ya pazia, akapanda baiskeli. Alijifunga mguu mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu, nami sikuthubutu kuinuka kumsaidia.

Jumatano, 30 Aprili

Hasemi nami ila ya lazima. Chumvi. Maji. Nani amekuja.

Ijumaa, 2 Mei

Anakanyaga. Gurudumu linalia asubuhi, linalia jioni. Hanipi mguu wake nimfunge.

Jumatatu, 5 Mei

Akiru amepita Kakuma kwa kazi zake, akaja kumwona. Presha imeshuka. Alimwinua mguu, akauachia, ukashuka polepole kama mguu wa mtu. Akatabasamu, jambo ambalo sijui kama limewahi kutokea.

"Endelea hivyo hivyo, mzee. Sasa hata nje unaweza."

Akanipongeza nami. Manyang alikuwa anafunga vifungo vya shati lake na hakuinua uso.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda kwa Nyaduoth na mtama. Sikuufunika. Tulikaa. Nilitaka kumweleza yote, lakini ana yake, na sikutaka kuja na beseni moja nikaondoka nimemwachia mizigo miwili. Tulipepeta pamoja. Aliuliza, "Mzee wako vipi?" Nikasema miguu ni mizima kuliko nyumba.

Jumamosi, 10 Mei

Asubuhi hii Manyang aliita kijana wa mkokoteni. Nilidhani anaiuza. Nilisimama mlangoni nikiona baiskeli inatoka nyuma ya pazia, inapita kizingiti, inapandishwa mkokotenini. Nilifikiri, sasa atakaa chini ya mabati tena mpaka moyo usimame, na itakuwa haki yangu.

Hakuiuza. Aliipeleka sokoni. Akaitua mbele ya duka langu, barabarani kabisa, pale ninapoanika vitenge, mahali ambapo kila anayekwenda kwenye mashine ya kusaga au bombani ni lazima apite. Akafukia miguu yake kwenye mchanga isitikisike. Akakaa. Kisha akanyoosha mguu wa kushoto kwangu, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili.

Nikapiga magoti, nikaufunga kwenye pedali.

"Leta kiti chako," alisema.

Nikaleta.

"Kiweke hapa. Si nyuma. Hapa, ubavuni. Kila siku nitakuwa hapa mpaka jua liwe kali, na wewe utakaa hapo. Watu wakiuliza mimi ni wa nani, utawajibu."

"Sawa, Baba Adhieu."

"Siyo mimi. Wao ndio utakaowajibu."

Akaanza kukanyaga. Shati jeupe, mgongo umenyooka, macho mbele kama mtu aliye safarini. Watu walikuja, kama nilivyojua watakuja. Vijana wa mieleka walicheka, yeye akawaambia wapange foleni, anayeweza kumshinda skrubu ikiwa imekazwa ajaribu. Mmoja akapanda baadaye, akashuka upesi anahema. Mzee Mabior alileta mkeka. Timiro alileta chai ya maziwa, akatutazama wote wawili, mmoja mmoja, akarudi dukani kwake. Nyaduoth alipita na watoto wake, wadogo wakataka kugusa gurudumu, Manyang akawaacha waguse.

Uso wangu ulikuwa unawaka muda wote. Kila jicho lililoshuka mguuni kwake lilipanda kwangu. Nilikunja vitenge vilivyokwisha kukunjwa. Lakini sikuinuka.

Jua lilipokaribia ukali alikuja mwanamke mmoja mgeni, nadhani wa kutoka Kalobeyei, na gunia la mkaa kichwani. Alisimama kutazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama msiba asiojua ni wa nani. Gurudumu lilikuwa linalia kwa nguvu.

"Dada," aliniuliza, "huyu mzee mgonjwa ni wa wapi? Ana mtu?"

"Anaye," nilisema. "Ni mume wangu. Anaitwa Manyang."

Mwanamke akatikisa kichwa, akanipa pole, akanyanyua mguu kuondoka. Manyang hakugeuka. Aliendelea kukanyaga, jasho linamtiririka shingoni, macho yako mbele.

"Sema tena," alisema. "Hii mashine inapiga kelele. Sikusikia."

Nikasema tena.